Wito wa Harambee: Paa la Chekechea Yetu, Wiyoni, Lamu

Assalaam alaykum, na salamu kwa majirani zetu wa dini zote.

Tunaandika kwa haya, maana si zamani mlituchangia vyoo, na leo tumenyoosha mkono tena. Lakini masika haya yametushinda.

Makuti yameoza. Mvua ikianza, mwalimu huwasogeza watoto upande wa kibla kunakovuja kidogo, wakabanana mkeka mmoja, madaftari wameyaficha ndani ya mashati. Sajili huwekwa kwenye ndoo ya rangi yenye kifuniko. Juzi boriti moja ikapasuka, tukafunga darasa kabla halijaua mtu. Sasa wanasomea baraza ya jirani, naye kwa adabu ameanza kutuuliza ni hadi lini.

Wengi wa watoto hawa ni wa wageni wetu, Wabajuni waliokimbia Chula, Koyama na Kismayu kule Somalia, na Wasomali wachache. Tunasema wageni kwa mazoea tu. Muulize mmoja ukoo wake, utakuta ana mjomba Faza au Ndau, hapa hapa Lamu. Nani ana karatasi gani, hatutaandika humu.

Mtauliza, kaunti je? Tumekwenda. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti elimu ya chekechea. Uhamiaji na uraia vimebaki kwa serikali kuu. Haya, mtoto wa mkimbizi mwenye miaka 4 ni wa nani? Ofisi moja ilitutuma ya pili, ya pili ikadai cheti cha kuzaliwa cha kila mtoto ndipo tuhesabiwe, ya tatu ikatukaribisha chai. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inataka wenyeji na wakimbizi watumie taasisi za umma pamoja, na kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi, hakikutaja karatasi. Hatujaacha kubisha hodi. Ila mwaka mpya wa bajeti unaanza Julai, na mvua inanyesha leo.

Wazee wetu walikuwa na subira ndogo kuliko sisi. Mwaka 1991, serikali ya Siad Barre ilipoanguka, majahazi yalishusha watu pwani hii wakiwa na nguo za mwilini tu. Hakuna aliyengoja barua ya ofisi. Watu walilazwa madakani, sabule, vyumba vyetu vya wageni, zikajaa, na sufuria ya wali ikaongezwa maji. Baadhi ya waliolazwa humo ndio leo wanaotuuzia samaki na kutushonea kanzu.

Tunatafuta shilingi 240,000 za mabati ya geji 28, mbao, misumari, fundi na nauli ya kuvusha mzigo kutoka Mokowe. Mabati membamba ni rahisi, tunajua, lakini chumvi ya bahari itayala upesi na tutarudi kwenu kuomba tena. Mweka hazina ni yule yule wa vyoo. Kila risiti itabandikwa mlangoni mwa madrasa, na salio, likiwapo, litanunua mikeka.

Hatutataja harusi ya mwezi uliopita iliyochangiwa kikamilifu kwa usiku mmoja. Waliochanga wanajijua, na Mwenyezi Mungu awaongeze. Tunaomba tu moyo ule ule kwa sadaka jariya hii.

Michango itapokewa Ijumaa hii baada ya sala, uwanjani mwa madrasa. Akina mama wataketi upande wa kisima. Walio Mombasa, Nairobi na Ughaibuni watumie namba iliyowekwa kwenye kikundi cha wazazi. Asiye na pesa aje na punda wake: kuna mchanga unaongoja gatini, na fundi hataanza bila huo.

Kamati ya Wazazi