Taarifa ya Wiki kwa Wazazi wa Gredi ya 3

Wazazi na walezi wapendwa, hamjambo?

Wiki hii watoto wamejifunza kugawa kitu kizima katika nusu, robo na thumuni, na niliona wengi wakielewa upesi zaidi tulipokata chapati kuliko tulipochora ubaoni. Kwa hivyo naomba jioni, mnapoandaa chakula, mumwachie mtoto agawe chapati au chungwa huku akitaja kila sehemu kwa jina. Katika Kiswahili, sauti r na l bado zinawatatiza baadhi yao, nami nasisitiza dakika 10 za kusoma kwa sauti kila siku, hata mkiwa kwenye matatu.

1. Jumatano kila mtoto alete vifuniko 20 vya chupa vya kuhesabia, tafadhali msinunue.
2. Mkutano wetu umesogezwa kutoka Ijumaa jioni hadi Jumamosi, saa 3 asubuhi, darasani, kwa kuwa wengi wenu hukwama kwenye msongamano wa magari.

Naomba kila mzazi athibitishe hapa kabla ya Alhamisi, saa 2 usiku, iwapo atafika. Asiyeweza anijulishe ili tupange kuzungumza kwa simu.

Asanteni sana.
Mwalimu wa darasa