Asante mama wa njia ya Irente
Jamani huyu mama jina simjui ila lazima nimshukuru hadharani. Nilikuwa Lushoto, kwenye ile njia ya kwenda Irente, nimetega stendi ya kuchorea nichore mandhari ya kule chini Mazinde na mashamba ya mkonge, na upepo wa pale ukingoni si mnaujua, stendi inayumba karatasi inataka kuruka, mama akapita na kuni kichwani, akautua mzigo, akatoa kipande cha kamba akafunga jiwe akalining'iniza katikati ya miguu ya stendi, basi ikatulia tuli! Halafu akaniambia mwanangu anza na kule mbali, jua likishapanda bondeni huoni kitu. Na kweli bwana. Vile vilima vya mbali vina ubluu mwepesi sababu ya hewa iliyopo katikati, ukungu wa joto ukizidi vinapotea vyote, na rangi za maji zikikauka zinapauka, kwahiyo bluu nikaikoleza kidogo. Nikataka kumpa hela ya soda akacheka tu, akajitwika kuni zake huyoo. Shikamoo mama, asante sana. Wa Irente mnaomjua mwambieni picha yake ipo nataka nimletee.