Mshusheni mpiga nyatiti, watu wamfikie

Mhariri,

Kuna msomaji aliyeandika katika ukurasa huu kwamba nyatiti, kinubi cha Waluo, inakufa kwa sababu vijana wa siku hizi hawana masikio ya muziki wa kwao. Naomba nimpinge. Mimi kazi yangu ni kufunga mitambo ya sauti: harusi, matanga, mikutano ya injili, na kampeni zikifika. Mtu wa kazi hii huwa hatazami jukwaa sana. Anatazama watu, ajue kama wa nyuma wanasikia. Na vijana ninawaona wanakuja. Shida ni mahali tunapomweka mwimbaji.

Chukua matanga ya huko Seme. Mpiga nyatiti amekalia kigoda kifupi, chombo kiko chini karibu na udongo, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia, njuga zimefungwa mguuni. Nyuzi ni nane, siku hizi za mshipi wa kuvulia samaki. Pete ikigonga ubao ndipo wimbo unapata mwendo, kwa hiyo nikiwa na maikrofoni mbili tu, moja huenda mdomoni na ya pili naiinamisha kule chini mguuni. Nyuzi zitajitafutia njia.

Basi wimbo umekolea, marehemu anatajwa yeye na ukoo wake, mara bibi mmoja anainuka na mkongojo. Hakuna anayemzuia. Anamfikia mwimbaji, anadondosha noti ya hamsini kwenye sahani, anainua mkono. Mwimbaji anazima nyuzi kwa kiganja. Bibi anaanza kujisifu: yeye ni binti wa nani, aliolewa wapi, watoto aliowasomesha kwa kukaanga samaki, na kwamba marehemu alimwogopa tangu wakiwa wadogo. Watu wanaangua kicheko, wafiwa wakiwemo. Nyatiti inaanza tena, na jina la bibi limo ndani, kwenye mstari ambao hata mwimbaji mwenyewe hakuwa nao kabla bibi hajasimama. Hiyo ndiyo pakruok. Aliyekulia pande hizi anaijua, hata mimi ambaye mama yangu ni Mnyore, si Mluo.

Sasa njoo kwenye tamasha. Mwaka jana niliitwa na waandaaji fulani hapa jijini, sitawataja. Jukwaa lilinifika kifuani. Mbele yake vyuma, mbele ya vyuma mabaunsa, kisha hema la wakubwa, ndipo watu. Mwimbaji, mzee ambaye matangani huimba mpaka majogoo, alipewa dakika kumi kati ya bendi na hotuba. Nilipoomba nafasi ya maikrofoni ya mguu, niliambiwa mtu ana mdomo mmoja. Kijana mmoja alijaribu kupenya na noti ya mia mkononi, akashikwa shati akarudishwa. Mzee aliimba, na kila baada ya muda alikuwa anatua kidogo, anaangalia upande wa watu. Hakuja mtu. Hata hizo dakika kumi hazikuisha, akanyanyuka. Mfawidhi akatangaza kwamba muziki wa asili ni mfupi lakini mtamu.

Mfupi! Nyimbo za namna ile hutungwa zikiwa na nafasi ya kukatizwa. Ukimnyima mwimbaji watu wa kumkatiza, amebaki kama mtu anayebishana na ukuta.

Marehemu Ayub Ogada, ambaye wimbo wake wa Kothbiro unajulikana hata na watu wasioweza kuionyesha Kisumu kwenye ramani, alipofika London alipiga nyatiti yake kwenye vituo vya treni za chini ya ardhi, abiria wakipita mbele ya magoti yake. Albamu ya En Mana Kuoyo ilikuja baadaye, mwaka 1993. Wala sisemi jukwaa ni haramu. Suzanna Owiyo alianza kuvuma baada ya kuimba kwenye sherehe za Kisumu kutimiza miaka mia, mwaka 2001, ila yeye ana bendi na nyimbo zinazolijaza jukwaa. Hata isukuti, ngoma ya Waisukha na Waidakho wa magharibi mwa Kenya, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya turathi zinazohitaji kuokolewa haraka, ukiitenga na watu wa kuicheza umebaki na ngozi na mbao.

Najua jibu litakalokuja: pakruok imeharibiwa na wanasiasa. Ni kweli. Nimemwona mheshimiwa akisimamisha wimbo tena na tena, noti zikihesabiwa hewani, hadi watu wakasahau nani anazikwa. Na siku hizi mtu yuko Nairobi, anatuma kwa M-Pesa, jina lake linasomwa kwenye simu. Hilo la M-Pesa halinisumbui, pesa ni pesa na mzee ana karo ya kulipa. La mheshimiwa linataka mfawidhi mwenye kifua, amwambie zamu yake imekwisha. Vyuma vinamzuia yule kijana wa noti ya mia, mheshimiwa yeye tayari yuko hemani.

Kwa wanaopanga sherehe za Desemba, ombi langu ni dogo. Tandikeni mkeka mbele ya jukwaa, mzee akae hapo. Mpeni nusu saa. Maikrofoni ziwe tatu: ya mdomo, ya mguu, na moja isiyo na waya ya kuzunguka kwa watu. Hiyo ya tatu nitaileta bila malipo, mradi asiishike baunsa.

Fundi wa mitambo ya sauti,
Kondele, Kisumu