Siku 30 Dirishani: Risala ya Klabu ya Upigaji Picha kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mwalimu Mkuu,
Mwalimu mlezi wa klabu yetu,
Walimu, wazazi na walezi,
Wanafunzi wenzetu,

Itifaki imezingatiwa.

Sisi wanachama wa Klabu ya Upigaji Picha tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika maonyesho yetu ya kwanza. Tunafahamu kuwa una majukumu mengi. Kukubali kwako kuacha kazi zako na kuja kutazama picha zilizopigwa na wanafunzi ni heshima ambayo hatutaisahau.

Klabu yetu ilianza mwaka jana ikiwa na wanachama 9. Leo tuko 34. Tuna kamera mbili za shule, tunazopokezana kwa zamu, na simu za wazazi wetu ambazo huazimwa jioni kwa masharti makali. Ukutani utaona picha 120. Tuliziteua wenyewe, tukabishana kwa muda wa wiki mbili, na zipo zilizoondolewa ambazo wenyewe bado wanazililia.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba tukueleze picha hizi zilivyopatikana.

Tulipoanza, karibu sote tuliamini kwamba picha nzuri iko mbali. Iko kileleni mwa mlima, iko jangwani, iko katika nchi ambayo hatujawahi kuifika. Kila kikao kilianza na lalamiko lilelile: hapa hakuna cha kupiga. Mwalimu mlezi alitusikiliza kwa mwezi mzima, kisha akatupa zoezi. Kila mmoja achague dirisha moja, la nyumbani au la darasani, na apige picha moja kila siku kupitia dirisha hilo hilo kwa siku 30. Picha moja tu. Ukikosea, ungoje kesho.

Mimi ninayesoma risala hii nilichagua dirisha la chumbani kwangu. Mbele yake kuna ukuta, kamba ya kuanikia nguo na mti mmoja. Wiki nzima ya kwanza picha zangu zilifanana kiasi kwamba niliona haya kuzionyesha. Siku ya nane, kwa kuchoka tu, nilibadili saa. Niliamka kabla ya jua. Ukuta ule ambao mchana ni wa kijivu usio na lolote ulikuwa na rangi ya asali, na kila tofali lilikuwa na kivuli chake. Mwalimu alitueleza baadaye kwamba jua likiwa chini, mwanga wake husafiri katika hewa nyingi zaidi kabla ya kutufikia. Rangi ya buluu hutawanyika njiani, na kinachobaki kuelekea wekundu na umanjano ndicho kinachotua ukutani. Mwanga huo huja kwa ubavu, ndiyo maana kila kijitundu na kila mkwaruzo huonekana.

Siku ya kumi na mbili mvua ilinyesha. Nilikuwa karibu kukata tamaa, kwa sababu nje hakukuonekana kitu. Nikasogeza kamera hadi kwenye kioo, nikaweka fokasi kwenye tone moja la maji. Ndani ya tone lile ulikuwamo mti wangu wote, matawi yake yakiwa chini na shina likiwa juu, kwa kuwa tone la maji hufanya kazi kama lenzi na kuipindua taswira. Nilihesabu matone hadi nikachoka. Kila moja lilibeba mti wake. Nimeishi katika chumba kile miaka sita, Mheshimiwa, na mvua imenyesha mara nyingi.

Wenzangu wana hadithi zao, na utazisoma chini ya picha. Lakini sote tulibadilika kwa namna moja. Awali tulikuwa tukiingoja ilhamu itushike ndipo tutoke na kamera. Baada ya zoezi lile tulianza kutoka hata tukiwa hatuna hamu, na ilhamu ikatukuta huko huko tukiwa tumeshaanza kutazama.

Kisha tukajifunza kwamba dirisha lina historia ndefu katika sanaa hii. Picha kongwe zaidi ya kamera inayojulikana kuwapo hadi leo ilipigwa kutoka dirishani. Nicéphore Niépce aliipiga nyumbani kwake nchini Ufaransa, mwaka 1826 au 1827, juu ya bamba la madini lililopakwa lami. Ilibidi mwanga uingie kwa saa nyingi mno, hata jua likahama kutoka upande mmoja wa anga hadi mwingine, na katika picha ile kuta zinaonekana kuangazwa pande zote mbili. Kilichomo ni mapaa na kuta tu. Binadamu alipoweza kwa mara ya kwanza kulitunza alilolitazama, alitunza kile kilichokuwa nje ya dirisha lake.

Yuko pia Josef Sudek wa Prague, mji ulioko Ulaya ya Kati. Alipoteza mkono wake wa kulia katika Vita vya Kwanza vya Dunia, akajifunza upigaji picha, na akabeba kamera kubwa nzito kwa mkono mmoja maisha yake yote. Mji wake ulipokaliwa na majeshi ya Ujerumani, alianza mwaka 1940 kupiga picha za dirisha la studio yake: kioo chenye ukungu, matone, mti uliopinda nje. Aliendelea hadi mwaka 1954. Siku zetu 30 zilionekana chache sana tulipolijua hilo.

Upande wa kulia wa ukumbi zimo picha za viumbe na mimea. Nyingi zimepigwa ndani ya eneo la shule, na nyingine kwa kuinama chini tu. Mwanachama mmoja alikwenda siku tano mfululizo alfajiri kwenye utando wa buibui nyuma ya maktaba hadi alipoukuta umejaa umande. Huyu tulimsimulia habari za Wilson Bentley, mkulima wa Vermont nchini Marekani, ambaye alifunga kamera kwenye hadubini na mwaka 1885 akapata picha ya chembe moja ya theluji. Ilimbidi afanye kazi kwenye baridi kali, kwa haraka, kabla chembe haijayeyuka. Hadi alipofariki mwaka 1931 alikuwa amepiga zaidi ya 5,000. Hakuhama kijijini kwake kuzitafuta. Zilimwangukia.

Tunaamini pia kwamba picha ya mandhari inaweza kuyalinda mandhari hayo. Mwaka 1861 mpiga picha Carleton Watkins alipanda milima ya bonde la Yosemite, nchini Marekani, akiwa na mabamba makubwa ya vioo, yaliyotumika wakati huo badala ya filamu. Picha zake zilifika kwa watu ambao wasingeweza kwenda huko, na zinatajwa miongoni mwa mambo yaliyosaidia kupatikana kwa sheria ya mwaka 1864, iliyotiwa saini na Rais Abraham Lincoln, ya kulihifadhi bonde hilo kwa ajili ya watu wote. Ndiyo sababu tumeweka pamoja picha nne za kijito kinachopita kando ya uwanja wetu, mbili za mvua na mbili za kiangazi, taka zake zikiwemo. Tunaomba usizipite haraka.

Kuhusu safari tutasema machache, kwa kuwa tumesafiri mara moja tu. Ilikuwa ziara ya siku moja kwa basi. Mwenzetu mmoja alirudi na picha 412. Alipoulizwa asimulie safari bila kuangalia simu, alinyamaza. Hili si lake peke yake. Mwaka 2014 mtafiti Linda Henkel wa Chuo Kikuu cha Fairfield, Marekani, alichapisha matokeo ya majaribio aliyoyafanya katika jumba la makumbusho: watu waliopiga picha za vitu walivikumbuka vibaya zaidi kuliko vile walivyovitazama tu. Lakini waliosogeza kamera na kupiga sehemu moja ya kitu hawakupoteza kumbukumbu namna hiyo. Kwa hiyo tumejiwekea sheria: katika safari kila mmoja ana picha 36 tu, kama urefu wa roli moja ya filamu ya zamani, na kabla ya kupiga anapaswa kujua ni sehemu gani ya anachokiona iliyomsimamisha.

Sheria ya pili ya safari ni kugeuka. Ukishapiga kile ulichokifuata, geuka utazame ulikotoka. Tarehe 24 Desemba 1968, William Anders na wenzake wawili walikuwa wakiuzunguka mwezi katika chombo cha Apollo 8, na picha walizotumwa kupiga zilikuwa za uso wa mwezi. Dunia ikachomoza dirishani. Anders akaomba filamu ya rangi upesi, akapiga. Picha hiyo ya sayari ya buluu juu ya ardhi ya kijivu ndiyo ulimwengu unayoikumbuka kutoka katika safari ile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sehemu iliyotugusa zaidi ni ile ya maisha ya kila siku. Humo zimo picha za watu: msafishaji wa madarasa akiwa amekaa peke yake baada ya kazi, watoto wawili chini ya mwavuli mmoja, baba akimfunga mwanawe kamba za viatu. Hakuna hata mmoja aliyewekwa hapa bila idhini yake. Mwenzetu alitaka kupiga mikono ya bibi yake akitunga uzi kwenye sindano. Bibi alikataa, akasema mikono yake imezeeka. Mjukuu aliweka kamera chini, akakaa naye jioni tatu akimtungia uzi. Jioni ya nne bibi mwenyewe akauliza, “Kamera yako iko wapi?” Picha hiyo iko mlangoni, na bibi yuko nasi leo, safu ya mbele.

Katika sehemu hii tulipata walimu wawili tusiowahi kuwaona. Wa kwanza ni Seydou Keïta, aliyefungua studio yake mjini Bamako, nchini Mali, mwaka 1948. Alitumia mwanga wa jua uani, na shuka la kitanda chake likawa pazia la nyuma. Kwa kawaida alimpiga kila mteja picha moja tu, kwa sababu filamu ilikuwa ghali, kwa hiyo alihakikisha mkao, mkono na shingo viko sawa kabla ya kubonyeza. Wa pili ni Vivian Maier, aliyekuwa yaya jijini Chicago. Alitembea mitaani na kamera kwa miongo mingi, akaacha negativi, yaani picha zilizo bado kwenye filamu, zaidi ya 100,000, na karibu hakuna aliyezijua hadi vitu vyake viliponadiwa mwaka 2007. Tunamheshimu sana, na pia tunamhuzunikia. Maonyesho haya tumeyafanya kwa sababu hatukutaka picha zetu zilale kwenye simu.

Changamoto zetu si nyingi. Kamera mbili kwa wanachama 34 hazitoshi. Picha tulizipeleka kuchapishwa nje, na mara ya kwanza zilirudi zimekatwa kingo, ikatubidi kuanza upya. Memori kadi zetu zimejaa, hivyo tumekuwa tukifuta kazi za zamani ili kupata nafasi, jambo linalotuumiza kila tunapolifanya.

Tunaomba, kupitia kwako, tusaidiwe printa ya picha na diski ya kuhifadhia kazi zetu. Tunauomba uongozi wa shule uturuhusu kubaki na ukuta wa korido hii kama mahali pa kudumu pa picha, zikibadilishwa kila muhula. Na tunawaomba wazazi waendelee kutuazima simu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ukifika mwisho wa ukuta utakuta fremu moja tupu. Hatukuisahau. Kwenye dirisha la mwisho la ukumbi huu tumesimamisha kamera juu ya stendi yake, na betri imejaa. Kabla hujakata utepe, tunakuomba usogee pale, utazame nje kwa muda utakaopenda, kisha utupigie picha moja. Moja tu. Itakuwa ya siku ya 31, nasi tutaichapisha na kuiweka katika fremu hiyo.

Tunaomba kuwasilisha.