Barua kwa mpiga ngoma wetu aliyeko Doha

Buruburu, Nairobi

Rafiki yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu na za bendi nzima. Natumaini joto limepungua huko, na kwamba zamu za usiku hazikunyimi tena usingizi kama ulivyolalamika tulipozungumza mara ya mwisho. Sisi tu wazima, na mazoezi ya Jumamosi yanaendelea katika gereji ile ile, ingawa jirani wa ghorofa ya juu bado hajatuzoea.

Ninakuandikia hasa kuhusu ule ubishi wetu wa zamani. Ulikuwa ukishikilia kwamba Kiswahili hakiingii katika roki, kwa sababu maneno yake ni marefu, yote huishia kwa irabu, na mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali Kiingereza kina vijineno vya silabi moja ambavyo mpiga ngoma anaweza kuvigongea popote apendapo. Mimi nilikuwa sina jibu, kwa hiyo nilikuwa nikikuambia kwamba una kasumba, jambo ambalo sasa ninakuomba radhi kwalo.

Jibu lilinijia darasani. Nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi wa kidato cha tatu shairi la tarbia, lile la mistari minne kila ubeti, huku nikigonga meza ili kuwahesabia mizani, yaani silabi za mstari, nane za ukwapi (kipande cha kwanza) na nane za utao (kipande cha pili), mara nikagundua kwamba mkono wangu ulikuwa unapiga roki. Hebu hesabu nami. Ukiipa kila mizani nusu ya pigo, kipande kimoja chenye mizani nane kinajaza duru nzima ya mapigo manne, bila kuzidi wala kupungua. Sasa ile ngoma yako ndogo yenye nyaya chini huipiga wapi? Kwenye pigo la pili na la nne. Pigo la nne linaangukia mizani ya saba, na kwa kuwa neno halina budi kukoma mwishoni mwa kipande, mizani hiyo ya saba ndiyo silabi ya pili kutoka mwisho, yaani pale pale penye mkazo uliokuwa ukiulaumu. Kina nacho, ile silabi ya mwisho wa kipande, kinafuata mara moja, kikiwa na irabu yake wazi ambayo mwimbaji anaweza kuivuta na kuipigia kelele mpaka duru inayofuata ianze. Nilicheka peke yangu, na wanafunzi wakadhani ninawacheka wao.

Jioni hiyo hiyo niliandika beti kuhusu siku ile stima ilipotukatikia ukiwa bado nasi. Mistari ya kwanza ni hii:

Umeme ulipozima, mioyo ikawa taa,
Nasi tukapiga ngoma, na sauti ikapaa.

Ijaribu kwa vijiti juu ya meza. Pigo la pili halipati mkazo kila mara, nami sikulidai, kwa maana wimbo ambao kila neno lake limepigwa msumari huchosha sikio upesi.

Mpiga gitaa wetu hakushawishika. Alinikumbusha Duma, wale vijana wawili wa hapa Nairobi ambao albamu yao ilitolewa mwaka 2020 na kampuni ya muziki ya Nyege Nyege Tapes ya Uganda, akasema kwamba mayowe yao yamevuka mipaka bila mtu kushughulika na vina. (Msikilizaji wa pwani humfikiria mnyama akisikia jina hilo, kumbe kwa Kikuyu ni giza.) Nilimkubalia kuhusu Duma, lakini nikamtajia Paul Ngozi wa Zambia, ambaye miaka ya 1970 aliimba Kinyanja juu ya gitaa lenye mkwaruzo mzito, na watu wake wakamwelewa. Hatukuafikiana, ila alikubali kujaribu.

Tuliupiga wimbo huo mwezi uliopita, katika ukumbi mdogo uliokuwa na watu wapatao sitini. Fundi wa mitambo alipandisha besi yangu kupita kiasi, hivi kwamba mizani zangu zote zilimezwa na ala yangu mwenyewe. Hata hivyo, wimbo ulipofika kwenye kiitikio kwa mara ya tatu, nilimwona kijana aliyekuwa akikunja nyaya kando ya jukwaa akitikisa kichwa penye mizani ya saba hasa, bila ya kujua kwamba anahesabu.

Nimekutumia rekodi kwa simu. Isikilize kwa makini uniambie kama mpiga ngoma mpya anachelewa kidogo kwenye pigo la nne, kwa sababu mimi ninahisi hivyo lakini ninaogopa kumwambia kabla sijakusikia wewe. Halafu, toazi lako kubwa limeanza kupata ufa ukingoni. Je, tulikate ukingo, au tukuwekee kama lilivyo mpaka urudi?

Ni mimi, mwenzako wa besi.