Barua ya Malalamiko: Rili za Nzi Bandia Zisizolingana na Maelezo ya Boksi

Nyeri,
14 Oktoba 2024

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

KUH: RILI NNE ZA UVUVI WA NZI BANDIA, SAIZI 5/6

Tunaandika kuhusu rili nne, yaani vifaa vya kukunjia mshipi wa ufito wa uvuvi, mlizotuuzia tarehe 2 Septemba kwa shilingi 4,800 kila moja. Nakala ya risiti tumeiambatisha. Tulijua tangu mwanzo kwamba tunanunua rili ya bei nafuu, wala hatudai ishindane na ile ya shilingi 40,000. Tunachodai ni kwamba kilichoandikwa juu ya boksi kiwemo ndani ya boksi. Boksi linataja breki iliyozibwa maji yasipenye, mwili uliochongwa kutoka kipande kimoja cha aluminiamu, na nafasi ya mita 100 za uzi wa akiba chini ya mshipi namba 6. Katika hayo matatu, hatukukuta hata moja.

Tuanze na breki, inayozuia mshipi usitoke ovyo samaki akivuta, maana hiyo ndiyo inayopoteza samaki. Kila rili tuliifunga kwenye ufito, tukafunga ncha ya mshipi kwenye mizani ya springi, tukavuta polepole moja kwa moja kutoka kwenye rili, bila kupitisha mshipi katika pete za ufito, ili msuguano wa pete usiingie katika hesabu. Breki ikiwa imekazwa nusu, rili tatu kati ya nne ziligoma kuzunguka mpaka mizani ikafika karibu gramu 900. Zilipoachia, mzigo ukashuka ghafla hadi gramu 400 hivi. Ukiongeza robo mzunguko wa kitufe cha kukazia breki, ule mshtuko wa mwanzo unapita kilo 1.5. Uzi mwembamba unaofungiwa nzi kwa ajili ya trauti wa mito yetu, wa milimita 0.15, hubeba takriban kilo 2 ukiwa mpya, na fundo huupunguzia nguvu. Samaki akigeuka na mkondo wa mto Gura, uzi unakatika kabla breki haijaanza kazi. Mvuvi mgeni atalaumu fundo lake, kumbe fundo lilikuwa sawa.

Chanzo tulikiona tulipofungua. Breki yenyewe ni kisahani kimoja cha plastiki kinachokandamizwa na springi juu ya uso wa aluminiamu ambao haukusawazishwa. Mikwaruzo ya mashine unaihisi kwa ukucha. Katikati imepakwa grisi nzito, ya aina ile ya beringi za magari. Nyuso mbili hizo zikikaa kimya kwa muda hunatana, na baridi huzidisha. Asubuhi kwenye Ziwa Rutundu la Mlima Kenya, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari, rili hizi zilikuwa ngumu kuliko zilivyokuwa mjini kwa kipimo kilekile cha kitufe. Kisahani cha kaboni kingeanza kuzunguka kwa ulaini zaidi. Hata cha kizibo kilichopakwa mafuta kidogo kingefaa.

Grisi hiyohiyo ndiyo iliyoiharibu klachi, yaani beringi ya njia moja. Beringi hiyo hushika shafti kwa vijiti vidogo vya chuma vinavyosukumwa na springi nyembamba sana. Ndiyo inayomwezesha mvuvi kukunja mshipi bila kupambana na breki, kisha ikaiunganisha breki mara tu samaki anapovuta. Vijiti vikizama katika grisi nzito havirudi mahali pake kwa wakati. Shafti inateleza, spuli inayokunjiwa mshipi inazunguka ovyo, na mshipi unajirundika ndani ya fremu. Rili ya pili iliteleza mara sita katika mivuto ishirini. Tuliosha beringi yake kwa mafuta ya taa, tukaikausha, tukatia matone mawili ya mafuta ya cherehani, tukarudia mivuto ishirini: haikuteleza hata mara moja. Hiyo ni kazi ya dakika kumi, na ilipaswa kufanywa kiwandani.

Neno "iliyozibwa" halina ukweli wowote. Hakuna pete ya mpira mahali popote kwenye shafti. Tulizamisha rili moja katika ndoo kwa dakika tano, na tulipoifungua kisahani kilikuwa kimelowa. Mvua ikinyesha mlimani mito hubeba mchanga laini, na mchanga huo ukichanganyika na grisi yenu unakula plastiki kama msasa.

Mwili haukuchongwa, umemiminwa katika kalibu, na mshono wa kalibu unaonekana wazi upande wa ndani wa fremu. Kumimina si kosa, rili nyingi nzuri za bei ya chini zimetengenezwa hivyo. Kosa ni kuandika vingine, na kuacha spuli ikae upande: nafasi kati yake na fremu ni milimita 0.3 upande mmoja na 0.9 upande wa pili, kwa hiyo uzi mwembamba hupenya na kukwama nyuma ya spuli. Na kuhusu uzi wa akiba, ukishatia mita 60 za uzi wa ratili 20 pamoja na mshipi namba 6, mshipi tayari unasugua nguzo za fremu.

Mguu wa rili unakaa vizuri kwenye ufito, na kishikio hakichezi. Rili ya nne, tena, huanza kuzunguka bila mshtuko. Uso wake wa breki umesawazishwa. Basi kiwanda kinaweza.

Tunaomba mturudishie shilingi 14,400 za rili tatu, au mtupatie kwa kila moja kisahani kipya, beringi mpya isiyojazwa grisi nzito, na fremu ambayo spuli inakaa katikati. Tafadhali msitujibu kwamba tulegeze breki: tulipima katika viwango vitano vya kitufe, na tofauti kati ya mvuto wa mwanzo na wa kuendelea ipo katika vyote. Tunaomba pia maneno ya boksi yarekebishwe kabla hamjauza shehena nyingine. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya taarifa anazohitaji ili anufaike nazo, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza maelezo ya uongo kuhusu bidhaa.

Rili zote nne zipo, pamoja na vipande tulivyovifungua na karatasi ya vipimo. Mnaweza kumtuma fundi wenu azipime mbele yetu. Tunangoja jibu la maandishi ndani ya siku 14.

Wenu,
Waelekezi wa wavuvi wa trauti,
Nyeri