Vijana wa kompyuta wafundishwe tmux na skripti zake

Ndugu Mhariri, salamu kutoka Kigoma. Naomba nafasi kwenye gazeti lako nisemee jambo linaloniuma, hawa vijana wetu wanaosomea kompyuta wanakuja kwangu hapa Mwanga kufanya mazoezi ya vitendo, vyeti wanavyo vizuri tu, ila mpe kazi ya masaa matatu kwenye seva, yaani kompyuta ya mbali inayohudumia nyingine, intaneti ikikata kidogo kazi yote imekufa, anaanza upya.

Na mimi yalishanikuta. Usiku mmoja wa masika nahamisha kumbukumbu za mauzo za mfanyabiashara wa dagaa wa Kibirizi kwenda kwenye seva iliyoko Dar, nimefika kama robo tatu hivi mtandao ukakata. Narudi hewani nakuta hamna kitu, maana ukiingia kwa ssh kavukavu, ile njia ya kuiingia seva ukiwa mbali, laini ikikatika ile shell (dirisha la kuandikia amri) inafungwa na inaondoka na ulichokiwasha humo. Nilirudia mpaka adhuhuri na mteja anapiga simu kila saa.

Dawa ipo tena bure, inaitwa tmux, programu inayoshikilia madirisha yako ya amri kwenye seva hata ukitoka, aliianzisha Nicholas Marriott mwaka 2007, na kabla yake GNU Screen, programu ya kazi hiyohiyo, ilikuwepo tangu 1987, kwahiyo sio jambo la jana. Unaiwasha hukohuko kwenye seva. Laini ikatike, laptop izime chaji, kazi inaendelea, ukirudi unaandika tmux attach unakuta madirisha yako yote kama ulivyoyaacha.

Ila seva yenyewe ikizimwa madirisha yanapotea, na hapo ndio skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha zenyewe, inapookoa. Mimi ninayo kazi.sh, mistari kama kumi hivi. Inaanza kuuliza kwa amri ya has-session kama sesheni, yaani hilo kundi la madirisha, ipo, ikiwepo inaingia moja kwa moja, isipokuwepo inaitengeneza kwa new-session -d (hiyo -d ni kuitengeneza bila kuingia ndani), inaongeza dirisha la databesi na dirisha la logi, yaani orodha ya matukio ya seva, hilo la logi inaligawa mara mbili kwa split-window -h, alafu send-keys inaandika amri kila mahali kama vile mimi nimekaa nachapa. Sekunde mbili meza yote imepangwa.

Vijana wengi wanakwama sehemu mbilitatu hivi, hasa ile -d, wakiisahau skripti inawaingiza kwenye dirisha la kwanza na mistari inayofuata inasimama kusubiri mpaka watoke. Nyingine ni neno Enter mwisho wa send-keys, bila hilo amri inaandikwa pale inabaki inakodoa macho tu, kuna binti alihangaika nayo asubuhi nzima na nilivyomuonyesha alipiga makofi.

Walimu wangu wa vyuo, nawaomba kwa heshima zote tengeni hata wiki moja ya hii kitu. Na mtihani wake uwe hivi, mwanafunzi awashe kazi ndefu, mwalimu achomoe waya wa mtandao katikati, kijana arudi aonyeshe imefika wapi.

Msomaji wako,
Mwanga, Kigoma